Kuagiza Faili kwa Baruapepe: Namna Seva za Nyaraka za Programu Zilivyofanya Kazi

Kabla ya wavuti kuenea, palikuwa na njia mbili kuu za kupata faili iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya mbali. Ya kwanza ilikuwa FTP, itifaki inayomwezesha mtu kuingia kwenye kompyuta hiyo, kupitia saraka zake na kunakili anachokitaka papo hapo. Njia hiyo ilidai kompyuta ya mwombaji iwe imeunganishwa moja kwa moja na intaneti, na watu wengi waliokuwa wakiandika programu katika miaka ya 1980 hawakuwa na muunganisho huo. Walikuwa kwenye mitandao mingine: UUCP, ambamo kompyuta za Unix zilipigiana simu, mara nyingi usiku, na kupokezana barua, BITNET, iliyounganisha kompyuta kubwa za vyuo vikuu, nyingi zikiwa za IBM, na FidoNet, iliyoendeshwa kwa kompyuta ndogo za mezani na modemu. Mitandao hiyo ilitofautiana karibu katika kila jambo, lakini barua iliyotoka katika mmoja iliweza kuvuka na kuingia katika mwingine kupitia kompyuta zilizokaa mpakani. Hapo ndipo ilipopatikana njia ya pili, ya kuiomba faili kwa barua na kuipokea kwa barua.

Programu iliyopokea maombi hayo ndiyo seva ya faili kwa baruapepe. Ilikuwa na anwani yake kama mtu mwingine yeyote. Barua ilipoifikia, iliisoma mstari kwa mstari, ikatafuta amri inazozitambua, ikachukua faili zilizotajwa na kumrudishia mwandishi bila mkono wa binadamu kugusa lolote. Kwa maelezo hayo mtu anaweza kudhani kwamba kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Ugumu ulitokana na tabia ya barua: anayeomba kwa barua ni kama mtu wa mkoani anayempa dereva wa basi kikaratasi cha vipuri vya kununua Kariakoo, kwa kuwa akisahau kuandika kipimo, atakijua alichokosea basi litakaporudi. Safari moja ya ombi na jibu ilichukua dakika chache kwa waliobahatika na siku kadhaa kwa wengine, na karibu kila kipengele cha seva hizi kilibuniwa ili kupunguza idadi ya safari hizo.

Netlib na ombi linalojitosheleza

Mfano ulio bora zaidi ni Netlib, iliyoanza mwaka 1985 kwa kazi ya Jack Dongarra, aliyekuwa Argonne National Laboratory karibu na Chicago, na Eric Grosse wa Bell Laboratories za AT&T huko Murray Hill, New Jersey. Kulikuwa na nakala mbili za huduma hiyo: ile ya Argonne iliyofikiwa kupitia ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, na ile ya Bell iliyofikiwa kupitia UUCP. Mali yake ilikuwa programu za hesabu, hasa maktaba za lugha ya Fortran kama LINPACK, ya kutatua mifumo ya milinganyo ya mstari, na EISPACK, ya kutafuta thamani za aijeni, namba maalumu zinazotambulisha matriki (jedwali la namba). Hapo awali maktaba za namna hiyo zilisambazwa kwa kanda za sumaku zilizosafirishwa kwa posta, na mtu aliyehitaji subrutini, yaani kipande cha programu cha kufanya kazi moja, ya mistari mia moja alilazimika kuagiza kanda nzima, kulipia gharama zake, kisha kutafuta mashine yenye uwezo wa kuisoma.

Kwa Netlib, aliandika barua yenye mstari mmoja:

send index

Akarudishiwa faharasa ya maktaba zote. Kisha angeandika "send index from eispack" ili aone yaliyomo ndani ya maktaba moja, na hatimaye angeagiza:

send dgeco from linpack

Mstari huu wa mwisho unastahili kutazamwa kwa makini. DGECO ni subrutini inayogawanya matriki katika vipande viwili vya pembetatu na kukadiria ni kwa kiasi gani matokeo yanaweza kuathiriwa na makosa madogo ya namba. Haifanyi kazi peke yake, kwani huita subrutini nyingine iitwayo DGEFA, nayo pamoja na DGEFA huita subrutini ndogo za msingi kama DAXPY, DSCAL na IDAMAX. Seva ambayo ingetuma DGECO tupu ingemwachia mpokeaji faili isiyoweza kuunganishwa kuwa programu, naye angelazimika kuandika barua ya pili kwa ajili ya DGEFA, na ya tatu baada ya kugundua kwamba DGEFA nayo ina inazozitegemea. Netlib ilikuwa na orodha ya utegemezi huo, kwa hiyo ombi la subrutini moja lilileta pamoja nayo kila ilichokiita, moja kwa moja au kwa kupitia nyingine, hadi mwisho wa mnyororo. Aliyekuwa tayari na sehemu ya vitu hivyo aliweza kusema "send only dgeco from linpack" ili apate faili hiyo pekee, au "send dgeco but not dgefa from linpack" ili aondolewe asichokihitaji.

Hata hivyo, mashine ilijua utegemezi wa msimbo. Haikujua nia ya mwombaji. DGECO huandaa matriki tu. Anayetaka jibu la milinganyo yake anahitaji pia DGESL, ambayo hutumia matokeo ya DGECO lakini haiitwi nayo, na kwa sababu hiyo haikuwamo katika mnyororo uliotumwa. Mtu mzoefu aliomba zote mbili katika mstari mmoja. Mgeni alipokea faili kadhaa, akazikusanya kwa furaha, kisha akarudi kwenye faharasa. Naona hapa ndipo palipokuwa na kiini cha ufundi wote: seva iliweza kumsaidia mtu kukamilisha ombi lake kwa kadiri ambayo uhusiano kati ya faili uliandikwa mahali fulani, na zaidi ya hapo ilibidi mtu asome faharasa kwa utulivu kabla ya kuandika.

Waandaaji wa Netlib hawakutoa ushauri wala dhamana, na walilisema hilo wazi kwa watumiaji wao. Msimamo huo unaweza kuonekana mkavu, ila ndio uliowawezesha watu wachache kuhudumia maelfu ya maombi bila kuajiri ofisi ya kujibu maswali.

Amri, salamu na saini

Kila seva ilikuwa na lugha yake, jambo lililowachosha watumiaji kwa haki kabisa. LISTSERV, iliyoandikwa na Eric Thomas mwaka 1986 kwa ajili ya BITNET, iliitika amri za "INDEX" na "GET". Nyaraka za RFC, ambazo ndizo zinazoeleza itifaki za intaneti, ziliweza kuombwa kutoka seva ya Information Sciences Institute huko California kwa mistari miwili, wa kwanza ukiwa "Retrieve: RFC" na wa pili "Doc-ID: RFC0822", na namba ya waraka ilipaswa kuwa na tarakimu nne, ikitanguliwa na sifuri ikibidi. Kwingineko amri iliandikwa kwenye kichwa cha barua badala ya mwilini. Amri pekee ambayo mtu angeweza kuijaribu karibu kila mahali ni "help", na busara ilikuwa kuituma kwanza, kuchapisha majibu na kuyahifadhi.

Barua ya kawaida ina adabu zake, lakini adabu hizo ziliivuruga mashine. Mtu aliyeanza kwa maamkizi, akaeleza anakotoka na kwa nini anaihitaji faili, alirudishiwa orodha ya makosa, kwa kuwa seva ilijaribu kuutekeleza kila mstari kama amri. Tatizo baya zaidi lilikuwa saini inayobandikwa na programu ya barua bila mwandishi kukumbuka, yenye jina, cheo, anwani na pengine methali. Ndiyo maana seva nyingi zilikuwa na amri ya kufunga ombi, kwa kawaida "quit" au "end", na chochote kilichofuata baada yake hakikusomwa.

Anwani ya kurudishia nayo haikuwa jambo la kuchukuliwa kirahisi. Katika UUCP anwani ilikuwa njia yenyewe: majina ya kompyuta yaliyotenganishwa kwa alama za mshangao, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na njia iliyoleta ombi haikuwa lazima iwe njia ambayo jibu lingeweza kuipita. Baadhi ya seva zilimruhusu mwombaji aandike anwani yake ndani ya barua, na ruhusa hiyo ilifungua mlango wa ubaya, kwani mtu aliweza kuagiza rundo la faili kwa anwani ya mwenzake. Palikuwa pia na hatari ya mzunguko. Seva inatuma faili kwa mtu aliye likizo. Programu yake inajibu kwamba hayupo. Seva inaliona jibu hilo kuwa ombi lenye makosa na inatuma maelekezo. Programu inajibu tena. Ili kuuzuia mzunguko huo, seva zilifundishwa kupuuza barua zilizotoka kwa mashine za kusambazia barua, zikawekewa pia viwango vya maombi kwa mtu mmoja kwa siku.

Barua isiyobeba ila maandishi

Kanuni za SMTP, itifaki ya kupitishia baruapepe, zilizotolewa mwaka 1982 kama RFC 821, ziliruhusu herufi za biti saba tu na mistari isiyozidi herufi 1,000. Faili ya maandishi ya Kiingereza ilipita bila shida. Faili iliyobanwa, picha au programu iliyokwisha kutafsiriwa kwa lugha ya mashine hutumia baiti zenye biti nane, na kuipitisha kwenye barua kulimaanisha kuiharibu. Hata maandishi yenyewe hayakuwa salama kabisa: mifumo mingine iliondoa nafasi tupu mwishoni mwa mistari, mingine iliukata mstari mrefu, na mifumo ya Unix iliweka alama ya ">" mbele ya mstari wowote ulioanza na neno "From" likifuatwa na nafasi, kwa sababu neno hilo ndilo lililotenganisha barua moja na nyingine katika faili ya barua zilizohifadhiwa.

Fortran 77 iliponea hapa kwa bahati njema. Mistari yake haikuzidi nafasi 72, msimbo ulianzia nafasi ya saba, na maelezo ya mwandishi yalianza na herufi C, kwa hiyo hakuna kilichokuwa kirefu mno wala kilichofanana na kichwa cha barua. Nyaraka za RFC nazo ziliandikwa kwa herufi za kawaida katika kurasa zenye mistari 58, kila mmoja usiozidi herufi 72. Sidhani kwamba ni kwa nasibu tu huduma hizi mbili zilistawi mapema kwa njia ya barua. Zilikuwa na mali ambayo barua ingeweza kuibeba bila kuigeuza.

Kwa mali nyingine ilibidi igeuzwe. Njia iliyotumika zaidi kwenye Unix iliitwa uuencode. Huchukua baiti tatu, yaani biti 24, huzigawa katika mafungu manne ya biti sita, kisha kila fungu, ambalo haliwezi kuwa na thamani zaidi ya 63, hujumlishwa na 32 ili liangukie kwenye herufi inayochapika. Mstari mmoja hubeba baiti 45, nazo huwa herufi 60, na mwanzoni huwekwa herufi inayoonyesha idadi ya baiti zilizomo. Kwa kuwa 45 na 32 ni 77, na 77 ni namba ya herufi M katika ASCII, mpangilio unaoipa kila herufi namba yake, faili iliyosimbwa hivi huonekana kama ukuta wa mistari inayoanza na M, ikitanguliwa na neno "begin" na kuhitimishwa na neno "end". Ukihesabu herufi ya mwanzo na alama ya mwisho wa mstari, baiti 45 zimekuwa 62, maana yake faili imenenepa kwa karibu asilimia 38.

Udhaifu wake ulikuwa katika uteuzi wa herufi. Thamani ya sifuri iliwakilishwa na nafasi tupu, ambayo tumeona kwamba mifumo mingine iliiondoa, na matoleo ya baadaye yakaibadilisha kuwa alama nyingine. Aidha, herufi kadhaa za uakifishaji ziliharibika zilipovuka kwenda kwenye kompyuta za IBM zilizotumia mpangilio wa EBCDIC badala ya ASCII. Waliobuni MIME, kanuni za kubeba viambatisho ndani ya barua, Nathaniel Borenstein na Ned Freed, walilizingatia hilo walipoandika RFC 1341 mwezi Juni 1992: usimbaji wao wa base64 hufanya hesabu ileile ya baiti tatu kuwa herufi nne, lakini hutumia herufi kubwa na ndogo za alfabeti, tarakimu, alama ya kujumlisha na mkwaju, ambazo zinapatikana katika ASCII na EBCDIC zote. Viambatisho tunavyotuma leo bado vinatumia usimbaji huo.

Programu zenye faili nyingi zilifungwa pia kwa njia ya shar. Kifurushi cha shar ni maandishi, lakini ni maandishi ya amri za Unix ambazo zikiendeshwa huziandika upya faili zote mahali pake, na kila mstari wa faili asilia hutanguliwa na herufi X ili barua isiuchezee. Urahisi huo ulikuwa na upande wake wa hatari, kwa kuwa anayeendesha amri zilizoandikwa na mtu asiyemjua anaweza kuendesha pia amri ya kufuta. Waangalifu walizisoma kwanza.

Vipande

Programu nyingi za barua zilishindwa kupokea ujumbe uliozidi takribani baiti 64,000, na baadhi zilishindwa kimyakimya, yaani ziliukata ujumbe bila kumwambia mtu. Seva zikawa zinaigawa faili katika vipande na kuvipa namba, na mpokeaji akavipanga, akaondoa vichwa vya barua, akaviunganisha, kisha akarudisha usimbaji na hatimaye kufungua ubanaji. Faili yenye baiti 500,000 ilipita hivi: baada ya usimbaji ilikaribia baiti 690,000, nazo zikawa barua 11. Hazikufika kwa mfuatano, na kipande cha saba kikipotea, kumi vilivyobaki havikuwa na faida, kwani faili iliyobanwa haifunguki ikiwa na pengo katikati. Seva bora ziliruhusu kuomba kipande kimoja upya. Kwingine ilibidi kuanza mwanzo.

Yote haya yalikutana katika ftpmail, iliyoandikwa na Paul Vixie alipokuwa katika kampuni ya kompyuta ya DEC huko Palo Alto, California. Haikuwa na hazina yake ya faili. Mwombaji alitaja kompyuta anayoitaka kwa amri ya "connect", akahamia saraka kwa "chdir", akataja "binary" na "uuencode" ikiwa faili si maandishi, akaweka ukubwa wa kila kipande kwa "chunksize", kisha "get" na "quit". Nayo ftpmail iliingia kwa FTP kwa niaba yake na kumtumia matokeo. Princeton ilikuwa na huduma inayofanana nayo kwa watu wa BITNET, iliyoitwa BITFTP. Kwa njia hiyo, mtu mwenye barua pekee alifikia karibu hifadhi zote za wazi za intaneti, mradi ajue faili iko wapi, na hata hilo lilikuwa na seva yake: Archie, iliyoanzishwa na Alan Emtage katika Chuo Kikuu cha McGill mwaka 1990, ilikubali maswali kwa barua na kujibu kwa orodha ya kompyuta zenye faili yenye jina lililotajwa.

Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa sehemu ambazo njia hii iliendelea kuwa ya lazima wakati wengine wakianza kuisahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mradi wa ESANET uliunganisha kwa barua vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe, ukitumia teknolojia ya FidoNet, huku NGONET ikihudumia mashirika yasiyo ya kiserikali kutokea Nairobi. Barua zilikusanywa, zikabanwa, na modemu ikapiga simu ya kimataifa kwa saa iliyopangwa, au simu ikapigwa kutoka nje, kama ilivyofanya GreenNet ya London. HealthNet ya shirika la SatelLife ilitumia pia setilaiti ndogo za mzunguko wa chini, ikiwemo HealthSat-2 iliyorushwa mwaka 1993, ambazo zilipokea barua zilipopita juu ya kituo kimoja na kuziteremsha zilipopita juu ya kingine.

Katika mazingira hayo, ukubwa wa faili uligeuka kuwa suala la fedha na la ujirani mwema. Simu ya kimataifa ililipwa kwa dakika na kituo kizima, si na aliyeagiza peke yake, na mtu mmoja aliyeomba faili kubwa kupitia ftpmail aliweza kuziba njia ya barua za wenzake kwa usiku mzima. Hata ubanaji wa FidoNet ulisaidia nusu tu: maandishi yalibanwa vizuri, lakini faili iliyokwisha kubanwa kisha ikasimbwa kwa uuencode ilirudishwa karibu na ukubwa wake wa awali tu, na si chini yake. Chaguo la busara lilikuwa kuomba faharasa kwanza, kutazama ukubwa, na kupendelea waraka wa maandishi badala ya toleo la PostScript (lugha ya kuelekeza printa) la waraka uleule, ambalo nalo ni maandishi lakini mara nyingi ni kubwa mara kadhaa.

Seva za namna hii hazijatoweka zote. Mfumo wa kufuatilia hitilafu wa Debian, toleo mojawapo la Linux, bado una anwani ya maombi inayopokea "send" ikifuatwa na namba ya hitilafu, na huacha kusoma inapokutana na "quit", "thanks" au mstari unaoanza na vistari viwili, ambavyo ndivyo hutangulia saini. Wahandisi wa kiini cha Linux hutumiana marekebisho ya msimbo kama maandishi ndani ya barua, na Git, programu yao ya kutunza matoleo ya msimbo, inapolazimika kuweka faili ya baiti ndani ya marekebisho hayo huisimba kwa base85, ambayo huongeza ukubwa kwa asilimia 25 badala ya 33 ya base64. Mradi wa Tor, unaotoa kivinjari cha kuficha utambulisho wa mtumiaji, nao una GetTor, kwa ajili ya watu ambao tovuti ya mradi imezuiwa nchini mwao: mtu huandika jina la mfumo wake wa kompyuta, kama vile "windows" au "linux", akajibiwa kwa barua. Kwa kuwa kivinjari chenyewe sasa ni kikubwa kuliko kiambatisho kinachokubaliwa na huduma nyingi za baruapepe, jibu hilo hubeba viungo vya mahali pengine faili inapopatikana, na mwombaji huimalizia safari kwa kivinjari alichonacho.